Kulungu Mmoja, Kilomita 3

Ndugu zangu, kila Novemba nikiaga kwenda msituni, wenzangu huniuliza kama nimegeuka jangili. Nawaelewa. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Hapa Wisconsin ni halali, na msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet, ekari zaidi ya milioni 1.5, ni mali ya umma. Huhitaji kumjua mwenye shamba.

Ila sisi wa viza tuwe macho. Kwa kawaida sheria ya Marekani inamkataza mwenye viza ya mwanafunzi kuwa na bunduki, isipokuwa ana leseni ya uwindaji ambayo haijaisha. Basi anza na kozi ya usalama, kisha leseni, ndipo uulize habari za bunduki. Msimu wa bunduki vaa rangi ya chungwa inayong'aa, wenzako wakuone.

La pili ni mgongo wako. Mbali na barabara watu ni wachache na kulungu wametulia, lakini huko gari haliingii. Dume mkubwa, hata akishatolewa matumbo, anaweza kubaki na kilo 60, na wa kumburuta ni wewe. Mwaka wangu wa kwanza nilimwona mmoja jua likizama, kilomita 3 kutoka barabarani, nami niko peke yangu. Nilimlenga, nikapiga hesabu ya njia ya kurudi, nikashusha bunduki. Kuua usichoweza kubeba ni israfu. Niliporudi mikono mitupu walinicheka. Wacheke tu! Wewe unayeanza, kabla hujauliza risasi yako inafika wapi, jiulize miguu yako itafika wapi na mzigo.