Jasmini ya mbele ya barza

Ndugu msomaji, ukipita mbele ya lupango letu jioni katika mwezi wa nane, utasimama. Wengi wanasimama. Wananusa, kisha wanauliza: «Mama, ni marashi gani unamwanga hapa?» Mi nacheka. Si marashi, ni jasmini inayopanda juu ya barza. Na kwa kuwa kila mwaka bamama wananiuliza namna ya kuipanda, nimeona vema niandike mara moja, kila mtu asome kwake. Lakini siwezi kuandika juu ya ua hili bila kuandika juu ya shimo. Mtanivumilia.

Ujue kwanza ni jasmini gani, maana ziko nyingi. Hii yetu ina majani madogo-madogo yaliyopangwa juu ya kijiti kimoja, matano ao saba. Maua yakiwa bado kufunguka ni ya rangi ya waridi kwa inje. Yakifunguka ni meupe kama unga wa muhogo. Haina miiba. Haina pia vidole vya kushika ukuta kama mimea mingine. Yenyewe inajizungusha juu ya kamba ao waya. Usipoipa kamba, italala chini na kutambaa mpaka kwa jirani, na kila kifundo kinachogusa udongo kitatoa mizizi. Ni mmea wa tamaa sana. Niliiacha siku moja karibu na mlimao, na mlimao haukuona jua tena.

Inapenda baridi. Hapa Kolwezi tuko juu, zaidi ya mita 1.400 kutoka usawa wa bahari, na ile baridi ya usiku wa mwezi wa sita na wa saba, inayotufanya wote tuzunguke mbabula, ndiyo inayoiambia jasmini itengeneze maua. Dada yangu alipeleka tawi Kalemie, kando ya ziwa, kwenye joto. Ikapanda vizuri, ikafunika kibanda chote, majani paka majani. Mpaka leo ananilaumu kwamba nilimpa dume.

Jambo la pili ni kukata. Maua yanakuja juu ya matawi yaliyokomaa wakati wa mvula. Kwa hiyo unakata maua yakishaisha, mwezi wa tisa ao wa kumi, mbele ya mvula kuanza, na unakata bila huruma. Ukikata mwezi wa tano, umekata maua yako mwenyewe. Baba wa kwangu alifanya hivyo mwaka mmoja, alitaka kusafisha barza juu ya wageni. Wageni wakaja, wakakuta vijiti.

Mama mukwe naye alikuwa na neno lake: «Majani mengi mlangoni, njo nyoka hiyo.» Sikubishana naye, maana nyoka anapenda kweli mahali pa giza penye takataka. Nilikata matawi yote ya chini mpaka kimo cha magoti, nikafagia pale kila asubuhi. Nyoka hatukumwona. Mama mukwe akaanza kuweka kiti chake palepale kila jioni.

Sasa shimo.

Tawi langu la kwanza nililitoa Likasi mwaka wa 2003, limefungwa katika kitambaa chenye maji ndani ya mfuko wa plastiki, siku nzima juu ya lori. Nililipanda mbele ya nyumba yetu katika mtaa wa Kasulo. Likakaa pale miaka kumi na zaidi. Watoto wetu wawili wa mwisho walijifunza kutembea chini yake.

Mwaka wa 2014, wote mnajua, mtu mmoja wa Kasulo alichimba ndani ya lupango lake akakuta mawe meusi yenye kobalti. Habari ilikimbia kuliko pikipiki. Katika muda mufupi malupango yalijaa mashimo na mahema ya plastiki, usiku na mchana unasikia nyundo chini ya kitanda chako. Baba wa kwangu hakuwa tena na kazi ya mshahara. Mtoto wa kwanza alikuwa amerudishwa nyumbani juu ya minervali. Siku moja akaja na kijana mchimbaji. Kijana akatembea ndani ya lupango, akaangalia huku na kule, akapiga kisigino chini mbele ya barza, kwenye shina la jasmini.

«Papa, njo hapa.»

Niliingia kati. Nikasema: «Baba, pahali pengine hapana?» Akaniangalia muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ndogo: «Mama, maua tutakula?»

Sikuwa na jibu, ndugu msomaji, na sitaki kujifanya hapa kwamba nilikuwa nalo. Mfuko wa unga ulikuwa umebaki robo. Nilimwambia neno moja tu: tulikuwa mwezi wa kwanza, mvula ni nyingi, na mashimo yaliyochimbwa katika mvula tumeona namna yanavyofunga watu ndani. Angojee mvula iishe. Lilikuwa neno la kweli, lakini nilikuwa na hesabu nyingine moyoni. Alikubali kungojea mpaka mwezi wa ine.

Hesabu yangu ilikuwa hii, na ndiyo namna ninayowafundisha wote leo. Jasmini unaweza kuizalisha kwa kipande kilichokatwa, lakini vingi vinakauka. Afazali kuzalisha tawi likiwa bado linanyonya kwa mama yake. Unachukua kopo ao bidoni iliyokatwa, unatoboa matundu chini, unatia udongo uliochanganywa nusu kwa mchanga. Unachagua tawi refu la mwaka ule, si gumu kama kuni, si laini kama kichipukizi. Chini ya kifundo kimoja unakwangua ngozi kwa kisu, urefu wa ukucha tu. Pale palipokwanguliwa unapalaza ndani ya udongo, unapabana kwa waya uliokunjwa, unaweka jiwe juu, na ncha ya tawi unaiacha inje iangalie juu. Udongo usikauke hata siku moja. Kisha unangoja kama miezi mitatu. Unavuta polepole: ikikukataa, mizizi iko. Hapo unakata upande wa mama, unaacha kopo kivulini majuma mawili mbele ya kulihamisha.

Nilipanga makopo sita chini ya barza. Baba watoto aliona. Hakusema kitu, lakini asubuhi moja niliamuka nikakuta amekwisha kuyanyweshea maji.

Makopo matano yalishika. La sita mtoto wetu mudogo alikuwa analivuta kila siku apate kuona mizizi.

Mwezi wa ine wachimbaji walikuja. Waling'oa shina asubuhi, mbele ya kunywa chai. Lilikuwa nene kama mkono wangu. Niliingia chumbani mpaka walipomaliza. Shimo lilishuka zaidi ya mita kumi na tano. Lilitupa franga, sitaficha: minervali ya watoto wote, mabati, na pikipiki. Lilitupa pia ufa katika ukuta wa chumba chetu, na kila usiku nilikuwa naupima kwa kidole. Mwaka wa 2016, kidole chote kilipoingia, tuliondoka wenyewe. Mwaka uliofuata sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, na jirani zetu wengi wakahamishwa.

Makopo mawili niliyagawa kwa jirani. Matatu yalipanda gari pamoja na masufuria.

Huku tulikokuja, udongo ni mwekundu na mgumu, unashika maji kama sahani. Nilichimba kitundu cha upana wa beseni mbili, nikatia udongo wa kichuguu uliopondwa, samadi ya kuku iliyooza (mbichi inachoma mizizi) na majani makavu. Kichuguu cha huku kwetu kina chokaa ndani yake, tena ni udongo ambao mchwa wamekwisha kuutengeneza, kwa nini usiuchukue? Nikaipanda upande unaopata jua la asubuhi. Kiangazi, ndoo moja mara mbili kwa juma. Maji ya kuoshea mchele na lengalenga yanatosha, yale ya sabuni nyingi hapana. Chini ya shina, majani makavu yafunike udongo, lakini yasiguse shina.

Mwaka wa kwanza haikutoa ua hata moja. Mama mukwe alisema imekasirika juu ya shimo. Mwaka wa pili, katikati ya mwezi wa nane, nilikuwa ninageuza bukari jikoni, nikanusa. Nilitoka na mwiko mkononi. Baba watoto alikuwa amekaa chini yake, redio imezimwa. Aliniona, akasogeza kiti. Hatukusema juu ya Kasulo, wala siku ile, wala baadaye.

Kwa hiyo mama wanaoniomba matawi, mje. Lakini mje mwezi wa kwanza na makopo yenu, msije mwezi wa nane na kisu. Mwaka huu niko na makopo matatu chini ya barza. Mawili yameshika. La tatu sijui, maana mjukuu amekwisha kulivuta.