Mpira wa Pumzi si wa Kuogopwa

Huku kwetu Mtwara, toka Msimbati hata Kitaya, wengi huogopa kupasuliwa kuliko ugonjwa wenyewe, hasa wakisikia mgonjwa atatiwa mpira kooni.

Nilimpeleka shangazi yangu Hospitali ya Ndanda kupasuliwa uvimbe tumboni, nikamwuliza daktari maana ya mpira huo. Akanieleza kwamba dawa ya usingizi hulegeza mwili wote: mtu hawezi kukohoa, na mara nyingi hata kupumua mwenyewe. Basi, akiisha kulala, mpira hupitishwa kinywani mpaka njia ya pumzi, hewa ifike mapafuni. Una kifuko kidogo hujazwa hewa, kuzuia matapishi yasiingie humo. Akianza kuamka hutolewa. Koo laweza kuwasha siku mbili tatu, kisha hupoa.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1878, mjini Glasgow, Daktari William Macewen alimpitishia mgonjwa bomba kinywani badala ya kumtoboa koo.

Hatari twailetea sisi jamaa, tumpapo mgonjwa uji kwa siri. Alfajiri ile shangazi aliniomba uji, nami nikamnyima, ingawa moyo uliniuma. Chakula chaweza kupanda kabla mpira haujaingia, kikashuka mapafuni, kikamwua.

Kwa kawaida chakula huachwa muda wa saa 6 kabla, na maji matupu saa 2, fuateni mtakavyoagizwa. Na kama mgonjwa amekula, semeni kweli bila haya. Heri kungoja siku nyingine kuliko kurudi na maiti.