Gazi, Kijiji Kilichorudisha Mikoko Yake

Ukishavuka feri ya Likoni ukashika barabara ya Lungalunga, mwendo wa kilomita 50 hivi utakufikisha Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale. Magari mengi hupita hapo mbio yakielekea Msambweni na Shimoni. Wazee hulikumbuka jina la Gazi kwa sababu ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Mimi nilifuata msitu.

Akina mama wa kijiji wana njia yao ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope, na kwa ada ndogo watakutembeza. Watoto waje na viatu vikuukuu.

Mjini tumezoea kuita kila mti wa hapa mkoko, kumbe kila mmoja una jina lake na kiti chake. Mlilana husimama mbele kabisa, miguu baharini. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, mizizi imejipinda juu ya tope kama miguu ya buibui, halafu mkandaa. Mchu, unaostahimili chumvi nyingi, utauona hata karibu na nchi kavu. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mama yake, ikarefuka kama rungu jembamba, kisha ikaanguka na kujichomeka topeni.

Katika miaka ya 1970 msitu huu ulifyekwa kuwa kuni za viwandani, na sehemu kubwa ikabaki tope tupu. Upandaji ulianza mwaka 1991, watafiti wa bahari wakishirikiana na wanakijiji. Tangu mwaka 2013, Gazi na jirani zao wa Makongeni wanatunza hekta 117 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Wanauza kwa wanunuzi wa ng'ambo haki ya hewa ya kaboni ambayo miti na tope huizuia isipande angani, na fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Kwa vile mtu hawezi kupika kwa maneno, walipanda pia mivinje ya kuni na fito.

Sisi wageni, nasema wazi, tuna haraka mno ya kuchomeka mche na kupigwa picha. Rungu la mkoko ni rahisi kuokota, basi tunalichomeka popote, hata kwenye ukingo wa mlilana, na bamvua la kwanza linalizoa. Mwulize kwanza mwenyeji maji hufika wapi. Akikwambia mwaka huu kazi ni kulinda miche iliyopo, lipa ada yako ya njia na ununue chakula chao cha mchana.

Tulipogeuka kurudi maji yalikuwa yameanza kujaa. Kaa walikuwa wakipanda mizizini mmoja mmoja, na chini ya mbao vijisamaki visivyozidi ukucha vilikuwa vikiingia msituni kwa makundi.