Kicheko cha Bombambili

Leo nawaomba mfuatane nami mpaka Bombambili, hapa Songea, tukatazame pamoja ngoma na vichekesho. Najua wako watakaosema, "Karani wa parokia naye atatuambia nini juu ya ngoma?" Ngojeni kwanza. Mambo haya niliyaona kwa macho yangu, na yaliyonipata huko si ya kuficha.

Bombambili ni kata moja ya Manispaa ya Songea, mkoa wa Ruvuma. Mgeni anayeshuka basi mjini hana haja ya kuhangaika; kwa pikipiki hufika upesi, na mwenye miguu mizima aweza kutembea. Songea imekaa juu, mita 1,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mwezi wa Juni na Julai baridi huuma kweli kweli. Watu huenda ngomani wamevaa masweta, na akina mama hujitanda kanga mbili mbili. Ni majira mazuri hata hivyo, maana mahindi yamekwisha kuingia ghalani, na mtu mwenye chakula nyumbani hucheka kwa urahisi.

Basi Jumamosi moja baada ya mavuno nilimchukua mke wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka tisa, tukaenda kiwanjani. Palikuwa na jukwaa la mbao, jenereta inayonguruma, na vipaza sauti vikubwa kama kabati. Pembeni walikaa wauza maandazi, togwa, miwa na karanga. Walianza wazee wa lizombe, ngoma ya Wangoni, na vumbi likapanda. Kisha wakaja vijana wa mganda kutoka pande za Ziwa Nyasa, wamevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, wamejipanga mistari kama askari.

Ndugu msomaji, mganda utazame kwa makini. Ngoma hii ilienea pande za ziwa baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, vijana walipoiga gwaride la majeshi ya wakoloni. Wana vyeo vyao, wana amri zao, na mwendo wao ni wa askari, lakini umetiwa madaha kidogo. Yaani mtu mnyonge alimtazama bwana mkubwa aliyemtisha, akaujifunza mwendo wake, akaucheza mbele ya watoto wake. Kicheko kilikuwamo ndani ya ngoma tangu zamani.

Na desturi ya kuchanganya muziki na vichekesho si ngeni katika nchi yetu. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya Dar es Salaam, kama Muungano na Tanzania One Theatre, vilijaza kumbi kwa namna hiyo hiyo: ngoma, halafu sarakasi, halafu kichekesho, halafu mchezo wa kuigiza, halafu taarabu, mpaka usiku wa manane. Hiyo Tanzania One Theatre iliyoanzishwa mwaka 1992 iliongozwa na mtu wa mkoa wetu, marehemu Kapteni John Komba wa Lituhi, aliyefariki mwaka 2015. Huko Bagamoyo nako tamasha la sanaa lilianza mwaka 1982, likakutanisha ngoma, maigizo na sarakasi mahali pamoja. Na marehemu Amri Athumani wa Tanga, ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto, alianzia jukwaani kabla ya kuonekana katika filamu. Alipofariki Agosti 2018 walimlilia hata watu ambao hawakupata kumwona ana kwa ana.

Turudi kiwanjani. Mganda ulipokwisha alipanda mfanya mazingaombwe, akatoa vitambaa kinywani hadi mtoto wangu akasahau muwa mkononi. Baada yake akaja kijana mmoja mchekeshaji. Alivaa koti la mtu mwingine, mkubwa mno, suruali aliifunga kwa kamba kifuani, tumboni aliweka mto, na usoni alijipaka unga. Kabla hajasema neno watu walikuwa wamekwisha kuanguka kwa kucheka.

Alianza kwa kuiga baba anayemwambia mkewe kwamba hana hata senti ya daftari la mtoto, huku mfuko wa koti unalia kwa chupa. Akina mama walipiga vigelegele, na baadhi ya akina baba walitazama chini. Kisha akavaa miwani, akashika kitabu kikubwa, akaita kwa sauti ya puani, "Jina la baba? Jina la mama? Zaka umelipa? Hujalipa? Basi mtoto na asubiri!" Kiwanja kizima kiligeuka kunitazama mimi. Mke wangu alijifunika uso kwa kanga. Nami nilicheka mpaka machozi, maana ile sauti ya puani ni yangu hasa, na yale majibu, Mungu anisamehe, yamewahi kunitoka siku za uchovu.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Lakini kichekesho cha tatu hakikuwaka. Alisema, watu wakanyamaza. Akarudia, wakanyamaza zaidi. Mpiga ngoma akikosea, wenzake humfunika. Mchekeshaji akikosea hana wa kumfunika, yuko peke yake na ukimya. Nilimwona kijana akizungusha macho kama mtu anayetafuta mlango. Macho yake yakamwangukia mzee mmoja muuza karanga, aliyekuwa akichechemea na fimbo yake ukingoni mwa kiwanja. Kijana akachukua kijiti, akaanza kuchechemea nyuma yake, hatua kwa hatua, huku akiita, "Karanga! Karanga!" kwa sauti ya kutetemeka.

Watu walicheka kuliko mwanzo. Nami nilicheka. Naliandika neno hili ili mjue kwamba siwahubirii nikiwa nimesimama mahali pasafi.

Mzee hakusema kitu. Aliinama, akakusanya vifurushi vyake kimoja kimoja, akaondoka. Mtoto wangu akanivuta sweta: "Baba, mbona babu anaondoka na karanga zake hazijaisha?" Sikuwa na jibu. Bongo fleva ikaanza, vipaza sauti vikapiga kelele, na watu wakasahau. Mimi sikuweza kusahau.

Maonyesho yalipokwisha nilimfuata yule kijana nyuma ya jukwaa. Alikuwa akijifuta unga kwa fulana. Nilidhani nitamkuta na kiburi, nikamkuta anatetemeka. Akaniambia, "Shikamoo, karani. Nisamehe kwa yale ya zaka." Nikajibu, "Marahaba. Yale ya zaka ni yangu, nimeyapokea. Yule mzee je?" Akainamisha kichwa. "Waliponyamaza niliogopa. Nikashika kilichokuwa karibu." Nikamwuliza kama atakubali kwenda nami kwake kesho. Alisita sana, kisha akakubali.

Jumapili alasiri tukaenda. Mzee alikuwa amekaa mlangoni anamenya karanga. Kijana aliamkia, akapiga goti, akaomba msamaha kwa maneno machache. Mzee akaendelea kumenya kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kujuta kumleta. Hatimaye akasema hivi:

"Mwanangu, mimi sichukii kuchekwa. Mimi Mngoni, na pale sokoni nina mtani wangu Mhehe. Babu zake na babu zangu walipigana. Kila siku ananicheka huu mguu wangu, ananiita gari bovu, nami namwita mla mbwa. Lakini mwaka ule nilipolazwa, yeye ndiye aliyeniletea uji asubuhi siku nane mfululizo. Nikifa, atalala juu ya kaburi langu akatae nisizikwe mpaka apewe fedha, na watu watacheka, na yeye ndiye atakayeshika jembe. Huyo ana haki na mguu wangu. Wewe hata kunisalimu hukunisalimu."

Wasomaji wapenzi, nilisoma chuo cha ualimu, nikafundishwa mengi juu ya kuongea na watu, lakini sikuwahi kuelezwa jambo hili waziwazi namna hiyo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali tangu mwaka 1878 hadi miaka ya mwanzo ya 1880. Leo hii wajukuu wao hutukanana hadharani bila kinyongo. Utani si ruhusa ya bure. Anayecheka msiba wako ndiye atakayeubeba pamoja nawe. Kijana yule alipomwiga mlevi, na alipomwiga karani, alituiga sisi wenye nguvu ya kumjibu, kama mganda ulivyomwiga bwana mkubwa. Alipomwiga mzee alichukua cha mtu ambaye hakumdai kitu, wala hakuwa na deni lake.

Nilifikiri mambo yamekwisha, kumbe bado. Mzee aliweka ungo chini, akamtazama kijana. "Haya, simama. Nionyeshe ulivyonitembea jana." Kijana akakataa. Mzee akasisitiza. Basi akachukua fimbo ya mzee kwa aibu, akachechemea hatua nne tano uani. Mzee akatikisa kichwa.

"Umekosea. Mguu mbovu ni wa kushoto. Wewe umechechemea wa kulia."

Tulicheka watu watatu, na mkewe ndani ya nyumba akacheka akawa wa nne. Tukaletewa karanga zilizokaangwa kwa chumvi. Tangu siku ile kijana hupita pale kumbebea mzee gunia lake mpaka sokoni, naye mzee humkosoa vichekesho vyake njiani bila huruma. Nasikia vimekuwa vizuri zaidi.

Basi ninyi akina baba na akina mama, tamasha likija upande wenu, nendeni, na watoto wapelekeni, maana kucheka ni afya na ngoma zetu zafaa kuonwa. Lakini kaeni nao, na mkirudi nyumbani waulizeni walicheka nini na kwa nini. Watawajibu. Wa kwangu aliniuliza yeye kwanza.

Nami siku hizi, mtu akija ofisini kuandikisha mtoto ubatizo, nampa kiti kwanza, namwuliza habari za nyumbani, ndipo nafungua kitabu. Sauti ya puani bado sijaiweza.