Salmonela Hapigi Hodi

Wadau, hapa Bukoba ukisema una homa, swali ni moja tu: malaria au taifodi? Mara nyingi unarudi nyumbani na karatasi inayosema vyote viwili. Mimi ni mwandishi wa habari, si daktari, lakini hiyo taifodi ilinifanya nisome bakteria wake, salmonela, anaingiaje mwilini.

Kila seli ina kiunzi. Fikirieni msonge wa wazee wetu: fito ndizo zinazoipa nyumba umbo. Tofauti ni kwamba fito za seli, ambazo ni protini iitwayo aktini, hubomolewa na kujengwa upya kila wakati. Salmonela anaujua mchezo huo. Akifika kwenye utumbo havunji ukuta. Ana kitu kama sindano ndogo mno, anadunga protini zake ndani ya seli, nazo zinawasha swichi zinazoamuru aktini ijengwe hapo hapo. Utando wa seli unainuka kama mawimbi ya ziwa letu, unamzunguka na kumvuta ndani. Yaani mwenye nyumba ndiye anayemkumbatia mwizi! Kisha protini yake nyingine, SptP, inazima swichi zile zile. Seli inatulia kama vile hakuna kilichotokea.

Linatuhusu nini? Akiwa ndani, si kila dawa inamfikia. Jentamaisini inamuua kwenye sahani ya maabara, lakini haipenyi vizuri ndani ya seli, hivyo haitegemewi kutibu taifodi. Sasa mfikirie mtu anayenunua antibayotiki kwa kubahatisha, kisa kipimo cha Widal kimetoka chanya. Kipimo hicho ni cha mwaka 1896. Kinatafuta kingamwili, si bakteria mwenyewe, na kingamwili zinaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya kupona. Kuotesha damu maabara ndiko kwenye uhakika zaidi, ila zahanati nyingi hazina uwezo huo.

Halafu kuna ndugu zake, salmonela wasioleta taifodi. Hao huingia kwenye damu ya watoto, hasa wale waliodhoofishwa na malaria. Kule Muheza, Tanga, watafiti waliona malaria ilipopungua, na salmonela kwenye damu za watoto walipungua. Muleba iliyopigwa na mlipuko wa malaria mwaka 2006 ndiyo iliyokuja kujaribu vyandarua vyenye PBO, na matokeo mazuri yakachapishwa mwaka 2018. Kwa hesabu yangu, chandarua kile kinazuia zaidi ya mbu.

Huyu jamaa anashindwa akiwa bado nje: maji yaliyochemshwa, choo safi, sabuni, chandarua. Akishakumbatiwa, kazi imeanza.

Nanyi mnaoandikiwa "malaria na taifodi" kila mwezi, mmewahi kuuliza ni kipimo gani kimetumika?