Maneno ya Tangazo na Maneno ya Jikoni

Kazi itupatiayo riziki hapa Kampala ni kuandika matangazo ya hoteli za chakula. Twaandika mabango ya barabarani, maneno ya redioni, na zile orodha za vyakula ziwekwazo mezani, na shabaha ya yote hayo ni moja: kumshawishi mtu aache chungu chake nyumbani aje kulipia cha mwenziwe. Ni kazi ya halali, wala hatuionei haya. Lakini ifikapo jioni hatuli katika hoteli tulizozisifu mchana. Twarudi nyumbani, twawasha sigiri, kama liitwavyo jiko la makaa katika mji huu, na kupika wenyewe.

Hatufanyi hivyo kwa ubahili. Matoke hayapendi haraka, nayo hoteli haina budi kuwa na haraka. Ndizi mbichi humenywa kwa kisu, na utomvu wake hushika vidole hata kesho yake. Chini ya sufuria hupangwa nyuti za majani ya mgomba ili maji yasiguse chakula. Ndizi hufungwa ndani ya majani, yakafunikwa kwa majani mengine, zikaachwa ziive kwa mvuke. Zikilainika, fungu lote hutolewa likabonyezwa kwa viganja juu ya majani yale yale, lingali linafuka, kisha hurudishwa motoni, na moto hupunguzwa. Mwenye kuzoea huvumilia joto lile asiseme neno. Sisi twatumia kitambaa, na mama yetu hutucheka.

Ajabu ni kuwa karibu kila mwenye hoteli atuajiriye hutaka tuandike maneno yale yale: chakula cha nyumbani. Yaani anayetaka kumtoa mtu nyumbani kwake hulazimika kumwahidi kuwa atapakuta nyumbani huko aendako. Mmoja alitaka tuandike kwamba matoke yake yanayapita ya mama yake mteja. Tulikataa, na kazi ile akapewa mwingine.

Na chakula kilichojitangaza vizuri kuliko vyote mjini hapa hakikuandikiwa tangazo na mtu yeyote wa kazi yetu. Ni rolex: mayai yaliyokaangwa pamoja na vitunguu, nyanya na kabichi, yakaviringwa ndani ya chapati. Jina hilo halikutokana na saa ya Uswisi, ingawa lafanana nayo. Ni maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringwa, yaliyosemwa upesi upesi hata yakawa neno moja. Wakaanga chapati wa Wandegeya na wanafunzi wa Makerere walilieneza bila ya bango wala redio, na mwaka 2016 chakula hicho kikafanyiwa tamasha hapa Kampala. Sisi ambao maneno yetu hayamalizi mwezi midomoni mwa watu twawaonea wivu wakaanga mayai wale.

Mwenye hoteli mmoja alitutaka tumtengenezee orodha ya vyakula kwa Kiswahili, kwa kuwa wageni wake wengi hutoka Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo. Kabla hatujaandika mstari mmoja alirudi na shaka. Aliogopa kuwa wateja wake wa Kampala wakikiona Kiswahili mezani, hamu ya kula itawaondoka. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Watu wengi wa makamo na wazee wa mji huu walikisikia Kiswahili kwanza vinywani mwa askari, penye vizuizi vya barabarani. Na amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikukiondolea sifa hiyo. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini kumbukumbu za mtu hazirekebishwi kama katiba.

Mama yetu ni miongoni mwa watu hao. Kiswahili kikianza redioni, yeye hupunguza sauti. Jumapili moja tulikuwa tukimenya ndizi pamoja naye, na orodha ile tulikuwa nayo mkekani. Tukaanza kumsomea, si kwa kumjaribu, bali kwa kuwa yeye ndiye tumwaminiye katika mambo ya chakula: sahani ya wali wa mchele mpya, pilau na kachumbari, sambusa, nyama ya kuchoma, chai ya sukari. Akasimamisha kisu. "Mwanangu," akasema kwa Kiganda, "haya ni maneno yetu. Kumbe wale askari waliyaiba jikoni mwetu!"

Hatukumsahihisha. Mbele yake palikuwa na sefuliya, esowaani na ekijiiko, na ndani ya nyumba yake mlikuwa na emmeeza. Mchele kwake ni omuceere, kitunguu ni akatungulu, na nyama ya kuchoma ni muchomo. Wafanyabiashara wa pwani walikwisha fika katika ikulu ya Kabaka Suna katika miaka ya 1840, na vitu vya pwani vilipopanda bara, majina yake yalipanda pamoja navyo. Kiswahili, basi, kilikwisha kuketi mekoni mwa Buganda zaidi ya miaka mia moja kabla ya vizuizi vile vya barabarani. Mwenye hoteli tulimsimulia maneno ya mama. Alicheka sana, na shaka yake ikaisha.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Kiganda hutofautisha emmere, chakula chenyewe kishibishacho, na enva, kile kinacholiwa pamoja nacho. Hapo Kiswahili kilitupokea kwa mikono miwili, maana kitoweo ndicho enva. Luwombo tuliliacha na jina lake. Ni nyama, kuku au karanga, zilizofungwa ndani ya jani changa la mgomba lililopashwa moto kwanza, zikapikwa kwa mvuke. Simulizi husema lilianzia kwa mpishi wa Kabaka Mwanga mwaka 1887. Kuliita mchuzi wa jani kungekuwa kulivunjia heshima.

Kilichotutesa ni kitenzi kimoja. Ule ubonyezaji wa matoke kwa viganja huitwa okunyiga kwa Kiganda. Kusonga ni kwa ugali na mwiko. Kuponda kuna mchi ndani yake. Kuseta kulikaribia, lakini viganja havisikiki. Baada ya siku nzima tukachagua kukanda, kwa ajili ya mikono ya mama, na orodha ikapigwa chapa: matoke yaliyokandwa majanini, kwa kitoweo cha karanga. Juma la kwanza alikuja mwalimu mmoja wa Kiswahili, akaisoma, akatuambia kuwa kukanda ni kwa unga na kwa mgongo wa mgonjwa, na kwamba tungeandika kuseta. Kisha akaagiza sahani ya pili.