Jina la Mkeo Kwenye Kengele

Tanga, 16 Novemba 2025

Mwanangu,

Mama yako analalamikia magoti, lakini kila asubuhi yuko sokoni Ngamiani, basi usimwonee huruma kupita kiasi.

Ujumbe wako wa sauti kutoka Berlin nimeusikiliza mara mbili. Umeeleza kazi, treni, kodi, baridi. Mkeo umemtaja mara moja tu, kwamba "yupo tu nyumbani na mtoto". Hiyo "yupo tu" ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu, maana mwaka 2012 na mimi nilikuwa "yupo tu" katika Berlin hiyohiyo.

Mume wangu alikuwa akitoka kabla hakujapambazuka, akirudi ana neno jipya la Kijerumani na visa vya kazini. Mimi Berlin yangu ilikuwa dirisha la ghorofa ya tatu: mti mmoja, mapipa ya taka, na bibi mmoja na mbwa wake. Siku moja nikakuta kikaratasi kimebandikwa mlangoni. Mwandiko wa kulaza, mzuri, mistari sita, na sikuelewa hata neno. Kutwa nzima kilikaa mezani chini ya kikopo cha chumvi, nami nakizunguka kama nyoka, nikijua tu kwamba tumefukuzwa. Mume aliporudi akakisoma, akacheka. Jirani wa chini alikuwa anaomba mtoto asikimbiekimbie baada ya saa nne usiku. Yeye akacheka, mimi nikalia, kwa kuwa mchana kutwa nimetishwa na ombi la mtu muungwana.

Sasa nikuulize: kwenye kengele ya chini na kwenye sanduku la barua, mmeandika jina la nani? Lako peke yako, naona. Huko vyumba kwa kawaida havina namba, mwanangu. Tarishi hufuata jina. Na mkeo, kama wanawake wengi wa kwetu, anatumia jina la baba yake. Barua yangu ya kwanza ya bima ya afya ilirudishwa ilikotoka, kwa sababu kwa mujibu wa sanduku letu mimi sikuwa nakaa pale. Kwa hiyo hata kama Anmeldung, kule kujiandikisha mnapokaa, mmeshaifanya, wote watatu, ndani ya zile wiki mbili, jina lake likiwa halipo pale chini, bado hajafika.

Halafu Kita. Usiniambie mtoto bado mdogo, akae na mama. Berlin iliondoa ada ya chekechea mwaka 2018. Mnalipa chakula tu, euro 23 kwa mwezi. Ombeni hati ya nafasi mapema, halafu muanze kubisha milango, kwani hati ni jambo moja na nafasi ni jambo jingine. Mkeo ndiye akae na mtoto zile wiki za kumzoesha, maana pale anayezoeshwa ni mama pia. Unakalishwa kwenye kiti cha kitoto, magoti karibu yaguse kidevu, umeambiwa unyamaze. Siku ya nne mlezi akaniomba nitoke dakika kumi. Nilisimama ukumbini nimekumbatia kiatu kimoja cha mwanangu, nikasikia ndani hakuna anayelia. Kijerumani changu cha kwanza nilikiokota hapo: kofia, kamasi, njoo, bado. Na mama mmoja wa Kituruki aliyekuwa akisubiri kama mimi ndiye aliyenionyesha nazi za kopo zinauzwa wapi.

Baada ya hapo akasome. Volkshochschule, vyuo vya elimu ya watu wazima, wana kozi za jioni. Jioni hizo wewe ukae na mtoto, na wali ujipikie. Usiseme umechoka, na yeye amechoka, ila uchovu wake hauna mshahara.

Mengine ni madogo. Fungueni madirisha wazi kabisa dakika chache asubuhi na jioni hata kwenye baridi kali, la sivyo kuta zitaota ukungu na mwenye nyumba atawadai nyinyi. Jumamosi mnunue chakula cha siku mbili, maana Jumapili maduka hufungwa. Desemba Magharibi huingia kabla ya saa kumi, basi mtoto atolewe nje mchana. Chupa tupu za plastiki msitupe, nyingi ni senti 25 kila moja, kama tulivyokuwa tukirudisha chupa za soda dukani kwa Mangi, ila huko Mangi ni mashine. Kazi hiyo mpe mjukuu wangu. Mtoto wangu alikuwa akiingiza chupa moja moja kwenye lile tundu, akisikiliza zinavyopondwa, foleni nyuma yetu inapumua kwa nguvu.

Mkipata Jumapili ya jua, pandeni treni ya U6 mshuke Afrikanische Straße. Kuna mtaa pale unaitwa Tangastraße, na Sansibarstraße, na Usambarastraße, majina yaliyotokana na enzi za ukoloni wa Wajerumani. Ile barabara iliyopewa mwaka 1939 jina la mkoloni Peters, ambaye sisi tunamjua kama Mkono wa Damu, imegawanywa tangu Agosti 2024, na kipande kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee. Bibi yenu wa Songea angelijua hilo asingeamini.

Nataka picha mbili. Mjukuu wangu chini ya kibao cha Tangastraße, na hiyo kengele yenu. Ya kengele itangulie.

Nisalimie mkaza mwanangu, na barua hii mpe aisome mwenyewe.

Shangazi yako